Kuokoa Mafaili Kwenye Disketi Mbovu: Mwongozo Kamili kwa Kompyuta za DOS

Wengi wanaojaribu kusoma disketi za miaka ya 1990, ziwe na hesabu za chama cha ushirika, orodha ya ubatizo ya parokia au tasnifu ya chuo, hukwama mahali pamoja. Kompyuta inadai kwamba disketi haijafomatiwa, inauliza kama iifomati, yaani iifute na kuiandaa upya, nao wanakubali. Wengine huendesha CHKDSK, programu ya kukagua na kurekebisha diski, juu ya disketi yenyewe, na wengine huingiza disketi ya pili na ya tatu katika draivu ambayo tayari imekwisha kuikwaruza ya kwanza.

Mwongozo huu umepangwa ili kuzuia makosa hayo matatu. Kwanza tunahakikisha kwamba draivu ni nzima, kisha tunachukua taswira ya disketi yote, yaani nakala ya kila kilichomo katika faili moja, bila kuandika chochote juu yake, na matengenezo yote yanafanyika kwenye nakala ya taswira hiyo. Ukibadilisha mpangilio huo, hata vifaa vya bei ghali havitakusaidia.

Maelezo yanahusu kompyuta za aina ya IBM PC na disketi za inchi 3.5 na 5.25. Disketi za Macintosh za kilobaiti 400 na 800 ziweke kando, kwa sababu ziliandikwa kwa mota inayobadilisha kasi, na draivu ya kawaida ya PC haiwezi kuzisoma.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kompyuta ya kati, yaani Pentium III au Pentium 4, ambayo bado ina soketi ya kebo ya disketi yenye nyaya 34 na inaweza kuendesha Linux nyepesi kutoka kwenye CD.
- Draivu mbili za disketi, si moja. Sababu utaiona katika hatua ya sita.
- Disketi mbili au tatu zisizo na thamani, za kufanyia majaribio, na nyingine mbovu kabisa utakayoivua ganda lake.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, vijiti vyenye sponji, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, glavu na barakoa.
- Taa yenye mwanga mkali na bisibisi ndogo.
- Programu za ddrescue (ya kuchukua taswira), dosfstools (yenye fsck.fat ya kukagua muundo wa disketi), photorec (ya kutafuta mafaili yaliyopotea) na LibreOffice (ya kufungua nyaraka).

Kuhusu alkoholi nina neno la ziada. Spiriti ya rangi ya dukani huacha utando, dawa ya kutakasa mikono ina jeli, na waragi, hata iwe kali kiasi gani, ina maji mengi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofaa kugusa kichwa cha kusomea.

Draivu za nje zinazochomekwa kwa USB zinaweza kutumika kwa disketi za inchi 3.5 zilizo na hali nzuri. Hata hivyo, nyingi hukata tamaa upesi zinapokutana na sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha disketi chenye baiti 512), na hazisomi kabisa disketi za inchi 5.25. Mimi huzitumia mwisho.

## Hatua ya 1: Zuia disketi isiandikiwe

Fanya hivi kabla disketi haijakaribia kompyuta yoyote. Kwenye disketi ya inchi 3.5, geuza upande wa nyuma na usogeze kitufe kidogo cha pembeni mpaka tundu lake liwe wazi kabisa. Kwenye ya inchi 5.25 mambo ni kinyume: pengo la mraba lililo pembeni lazima lizibwe. Tumia karatasi ya gundi nyeusi, kwa sababu draivu nyingi hutambua pengo hilo kwa mwanga, na selotepu inayopitisha mwanga haitazuia chochote.

Sababu ni kwamba kompyuta huandika hata pale usipoiamuru. Windows 95 na 98, kwa mfano, huweka alama yake ndani ya sekta ya kwanza ya disketi isiyozuiwa mara inapoisoma, wala hazikuulizi.

## Hatua ya 2: Kagua uso wa disketi kwa macho

Sogeza mlango wa chuma wa disketi ya inchi 3.5, kisha izungushe taratibu kwa kidole ukishika kitovu cha chuma kilicho nyuma, huku taa ikimulika uso wake kwa mshazari. Usiguse utando wenyewe. Uso mzima huwa na rangi moja ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na hung'aa sawasawa.

Ukiona mviringo mwembamba unaopitisha mwanga, tabaka la sumaku limekwanguliwa, na data iliyokuwa kwenye mviringo huo haipo tena. Ukiona madoa meupe au ya kijivu yanayofanana na utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Disketi zilizokaa miaka mingi karibu na Ziwa Viktoria, Entebbe au Jinja kwa mfano, huota kuvu hata ndani ya kasha lililofungwa, wakati zile za Karamoja kwa kawaida husumbuliwa zaidi na vumbi.

Onyo: disketi yenye kuvu usiiingize kwenye draivu hata kwa sekunde moja. Kichwa cha kusomea hugusa utando moja kwa moja, hukusanya uchafu, kisha hukwaruza disketi hiyo na kila itakayofuata.

### Jinsi ya kuosha disketi yenye kuvu

Vaa barakoa na glavu. Ng'oa mlango wa chuma, kisha tenganisha ganda la plastiki kwa kupitisha ukucha au kadi nyembamba kwenye pembe zake, na utoe utando ukishika kitovu pekee. Kwa disketi ya inchi 5.25, kata ukingo wa juu wa bahasha yake kwa wembe, lakini kwanza weka alama ndogo kwa kalamu karibu na tundu la katikati, upande ule wenye lebo, kwa sababu utando huo hauna kitovu cha chuma cha kukukumbusha upande upi ulitazama juu.

Losha kitambaa kwa alkoholi, kisha futa polepole kutoka katikati kwenda nje, pande zote mbili, ukibadilisha sehemu ya kitambaa kila inapochafuka. Kuvu iliyoshika sana inaweza kuoshwa kwa maji safi yasiyo na chumvi pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya kuongezea betri ya gari yanafaa, ila soma chupa vizuri, kwa sababu tindikali ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo.

Acha utando ukauke wenyewe kivulini. Jua na kikaushia nywele huukunja, na ukishakunjika hauwezi kunyooshwa. Ukishakauka, uweke ndani ya ganda la disketi mbovu uliyoandaa. Ganda la zamani lina vitambaa vya ndani vilivyojaa mbegu za kuvu, kwa hiyo litupe, lakini bandua kwanza lebo au uipige picha.

Umefanikiwa ikiwa utando unazunguka kwa ulaini ndani ya ganda jipya na mwanga wa mshazari hauonyeshi doa lolote.

## Hatua ya 3: Kagua kompyuta kabla ya kuishtaki disketi

Angalia nyuma ya kompyuta, karibu na soketi ya umeme, kama kuna swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wa Uganda ni volti 240. Kompyuta iliyoletwa kutoka Marekani huenda bado imewekwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo ugavi wake wa umeme utalipuka papo hapo. Kwa kazi hii pia tumia UPS au betri ya sola yenye inveta, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usomaji utalazimika kuisugua upya disketi ambayo huenda haina nguvu ya kusuguliwa mara nyingi.

Kisha fungua ganda la kompyuta na utafute betri ya ubao mama. Ikiwa ni duara la CR2032, nunua jipya kwa fundi wa saa yeyote. Ikiwa ni pipa dogo lililochomelewa kwenye ubao, kama zilivyo nyingi za 386 na 486, chunguza kama limevuja majimaji ya kijani.

Betri iliyokufa husababisha kosa ambalo watu wengi huliita uharibifu wa disketi. Kompyuta husahau ni draivu ya aina gani imefungwa, inaichukulia ya megabaiti 1.44 kana kwamba ni ya kilobaiti 720 au haipo kabisa, na disketi nzima zinaonekana mbovu. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, wakati wa kuwasha, mara nyingi kwa kubonyeza Delete au F2, na uthibitishe kwamba mstari wa draivu A unalingana na draivu iliyopo.

Mwisho, kebo. Mstari wake wenye rangi lazima ukabili pini ya 1 pande zote mbili, na draivu A ichomekwe mwisho wa kebo, baada ya sehemu ambapo nyaya kadhaa zimesokotwa. Taa ya draivu ikiwaka tangu mwanzo na kukataa kuzima, kebo imegeuzwa. Usiingize disketi yoyote mpaka urekebishe.

## Hatua ya 4: Safisha vichwa na ujaribu draivu

Zima umeme, toa kifuniko cha draivu, na utafute vichwa viwili vidogo vinavyotazamana. Losha kijiti cha sponji kwa alkoholi na uvifute kwa wepesi. Cha juu kimeshikiliwa na kipande chembamba cha chuma kama ulimi, hivyo usikiinue kwa nguvu, maana kikipinda hata kidogo draivu imekwisha. Pamba za masikioni huacha nyuzi, ziepuke ukiweza. Subiri dakika tano alkoholi ikauke.

Sasa ingiza disketi isiyo na thamani, iifomati, nakili mafaili kadhaa, kisha uyasome. Rudia usomaji huo katika draivu ya pili. Kipimo hiki cha pili ndicho wengi hukiruka. Draivu ambayo vichwa vyake vimehama kidogo husoma vizuri ilichoandika yenyewe, lakini disketi zake hazisomeki kwingine, wala yenyewe haisomi za wengine.

Sikiliza pia. Draivu nzima hunguruma kwa upole na kugonga tiki moja kila inapohama traki, yaani mviringo mmoja wa data. Ikikutana na sekta mbovu, kichwa hurudi mpaka traki ya sifuri na kuanza upya, nawe husikia mkwaruzo mfupi wa gia unaojirudia. Hilo ni jambo la kawaida. Sauti ya kukwangua isiyokatika, kama sufuria inayosuguliwa kwa waya, ni amri ya kutoa disketi mara moja na kusafisha vichwa tena.

Draivu ipitishe tu ikiwa disketi ya majaribio imesomeka kwenye zote mbili bila kosa.

## Hatua ya 5: Soma ujumbe wa kosa kwa makini

Anza katika DOS kwa amri ya DIR A: pekee, inayoorodhesha mafaili. Ujumbe unaotokea hukuonyesha pa kuelekea.

"Not ready" humaanisha kwamba draivu haioni disketi: haijaingia sawasawa, haizunguki, au kebo imelegea. Hapa data bado haijaguswa.

"General failure" humaanisha kwamba DOS haielewi muundo iliouona. Mara nyingi sekta ya kwanza imeharibika. Mara nyingine tatizo ni tundu la pembeni la disketi ya inchi 3.5, lile lililo mkabala na kizuizi cha kuandika. Tundu hilo huitambulisha disketi ya megabaiti 1.44, na ikiwa mtu alifomati disketi ya namna hiyo kwa kilobaiti 720 katika draivu ya zamani isiyotazama tundu, draivu za baadaye zitaikataa. Lizibe kwa karatasi ya gundi iliyoshikwa barabara, na mara nyingi itasomeka.

"Sector not found" hutokea pale anwani ya sekta isipoonekana, na chanzo chake mara nyingi ni vichwa vilivyohama. Kabla ya kulaumu disketi, jaribu draivu nyingine, na bora zaidi ile ile iliyoiandika, kama bado ipo stoo. Kwa disketi za inchi 5.25 kuna mtego wa ziada: draivu ya megabaiti 1.2 ina kichwa chembamba, na ikiandika juu ya disketi ya kilobaiti 360 iliyokwisha kutumiwa, draivu ya 360 huona maandishi mapya na ya zamani yakiwa yamechanganyika. Isome kwa draivu ya 1.2.

"Data error" humaanisha kwamba sekta imeonekana lakini hesabu yake ya ukaguzi hailingani. Huu ndio uharibifu halisi, na hapa ndipo hatua ya sita inapohitajika. DOS ikiuliza "Abort, Retry, Fail?", bonyeza R mara mbili au tatu, kisha A. Usiendelee kung'ang'ana.

Kuna kosa moja lisilo na ujumbe. Ukibadilisha disketi na DIR ikakuonyesha tena orodha ya disketi iliyotangulia, waya wa 34 unaoiarifu kompyuta kwamba disketi imebadilishwa haufanyi kazi. Ni hatari kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu mtu akihifadhi faili wakati huo, kompyuta huandika orodha ya disketi ya kwanza juu ya ya pili. Disketi nyingi za ofisi zilizokuwa zikipokezanwa zilikufa kwa njia hii. Badilisha kebo kwanza, kisha draivu.

## Hatua ya 6: Chukua taswira ya disketi nzima

Hamia kwenye kompyuta ya Linux. Usiiache disketi ndani ya draivu unapowasha, kwa sababu virusi kama Stoned na Michelangelo viliishi katika sekta ya kwanza na huamka pale tu kompyuta inapojaribu kuanzia kwenye disketi hiyo. Kuisoma ndani ya Linux hakuviamshi.

Tuseme lebo inasema hesabu za kahawa za 1996. Andika:

`sudo ddrescue -d -n -b 512 /dev/fd0 kahawa96.img kahawa96.map`

Mzunguko huu wa kwanza huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka sehemu ngumu, ili zile nzima ziokolewe kabla uso haujachoka. Baada yake:

`sudo ddrescue -d -r3 -b 512 /dev/fd0 kahawa96.img kahawa96.map`

Huu hurudia sehemu zilizobaki tu, mara tatu. Faili lenye jina la .map ndilo linalokumbuka kilichosomeka na kisichosomeka, kwa hiyo usilifute. Ukitumia draivu ya USB, thibitisha jina lake kwa amri ya lsblk, kwani huenda ikaitwa sdb, jina ambalo kesho litakuwa la flashi yako.

Kama bado kuna sekta zilizokataa, safisha vichwa, hamishia disketi kwenye draivu ya pili na urudie amri ile ile kwa mafaili yale yale mawili. Kila draivu ina tofauti ndogo ya mkao wa vichwa, na sekta iliyokataliwa na moja husomwa na nyingine. Nikilazimika kuchagua jambo moja tu la kumsisitizia msomaji katika hatua hii, ni hilo. Huokoa data nyingi kuliko kurudia mara hamsini kwenye draivu moja.

Mafanikio hupimwa kwa namba. Skrini iandike "pct rescued: 100.00%", na faili la .img liwe na ukubwa huu hasa: baiti 1,474,560 kwa disketi ya megabaiti 1.44, 737,280 kwa ya kilobaiti 720, 1,228,800 kwa ya megabaiti 1.2, na 368,640 kwa ya kilobaiti 360. Ukipata asilimia 99 usihuzunike, kwani mara nyingi sekta zilizopotea ziko mahali pasipo na faili.

Disketi sasa itolewe na irudishwe kwenye kasha. Kazi yake imekwisha.

## Hatua ya 7: Tengeneza nakala, kamwe si taswira ya asili

`cp kahawa96.img kazi.img`

`sudo mount -o loop,ro kazi.img /mnt`

Ikifunguka, nakili mafaili na uende hatua ya nane. Ikikataa, unahitaji kujua mpangilio wa disketi ya 1.44, ambayo ina sekta 2,880. Sekta ya 0 ina maelezo ya muundo. Sekta ya 1 hadi 9 ni jedwali la FAT, linaloonyesha kila faili limekaa wapi; sekta ya 10 hadi 18 ni nakala ya pili ya jedwali hilo hilo; na 19 hadi 32 ni orodha ya majina. Mafaili yenyewe huanzia sekta ya 33.

Ikiwa sekta ya 0 ndiyo mbovu, azima ya disketi nyingine nzima ya ukubwa ule ule, uliyoichukulia taswira kwa jina la nzima.img:

`dd if=nzima.img of=kazi.img bs=512 count=1 conv=notrunc`

Ikiwa jedwali la kwanza limeharibika na la pili ni zima, hali inayotokea sana umeme ulipokatika katikati ya kuhifadhi, lirudishe hivi:

`dd if=kazi.img of=kazi.img bs=512 skip=10 seek=1 count=9 conv=notrunc`

Neno conv=notrunc lisisahaulike, la sivyo faili litakatwa na kila kilichofuata kitapotea. Namba hizi ni za 1.44 peke yake. Ukubwa mwingine una mpangilio wake. Baada ya hapo endesha `fsck.fat -n kazi.img`, ambayo huripoti bila kubadilisha chochote.

Majedwali yote mawili yakiwa yameharibika, tumia photorec juu ya nakala. Itakuletea mafaili bila majina yake, na yale yaliyokuwa yametawanyika yatatoka vipande.

## Hatua ya 8: Fungua mafaili kwa programu za leo

LibreOffice hufungua nyaraka za WordPerfect, majedwali ya Lotus 1-2-3 yenye kiambishi .WK1 na hifadhidata za .DBF. Waandishi wengi wa WordPerfect 5.1 hawakuweka kiambishi chochote, kwa hiyo faili linaweza kuitwa BARUA.MEI au HESABU.2. Tazama baiti zake za mwanzo: ukiona herufi WPC baada ya alama moja ya ajabu, ni la WordPerfect. Nakili kwa jina jipya lenye .wpd na ulifungue.

WordStar huwachanganya watu. Programu hiyo iliwasha biti ya nane kwenye herufi ya mwisho ya maneno, hivyo ukilifungua faili lake kama maandishi ya kawaida utaona "mwenyekit" ikifuatiwa na alama isiyosomeka, nawe utadhani disketi bado ni mbovu. Faili ni zima. Lisafishe hivi:

`LC_ALL=C tr '\200-\377' '\000-\177' < BARUA > barua.txt`

Linganisha jumla za majedwali na karatasi zozote zilizochapishwa wakati ule, kama zipo, hasa kwa faili ambalo ramani ya ddrescue inaonyesha lilipitia sekta mbovu. Sekta moja ni baiti 512, na nafasi hiyo inatosha kumeza wanachama kadhaa wa ushirika pamoja na akiba zao.

Hifadhi taswira ya asili na faili lake la .map mahali pawili tofauti. Kama kuna sekta zilizobaki bila kusomeka na siku moja ukapata draivu nyingine, amri ile ile ya hatua ya sita itaendelea pale ilipoishia.